Friji Inayovuka Maji

Jumatatu, 4 Agosti

Siku ya kwanza ya likizo. Ama nimejitengenezea jina, ama nimejitia kitanzi. Itajulikana Jumamosi.

Mambo yalikuwa hivi. Jana mama mkwe alipiga simu kutoka ng'ambo. Kideri kimefika kijiji cha jirani na chake, kuku wanakufa banda zima kwa siku mbili. Yeye ana kuku mia mbili na arobaini wa mayai. Hao ndio waliomsomesha mke wangu na mdogo wake, na ndio wanaomlisha hadi leo. Chanjo iko huku kwetu, kwa daktari wa mifugo, nayo inataka baridi njia nzima. Kivuko kimepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Kwa basi ni kuzunguka kutwa nzima juani.

Mwanyumba wangu, yaani mume wa shemeji yangu mdogo, alikuwa ameshajitolea. Huyu bwana anauza aiskrimu kwa baiskeli. Ana sanduku la barafu na kiboti cha mashine, akasema Jumamosi atapeleka. Damu ikanichemka. Kila kukitokea shida ukweni, yeye ameshafika, ameshavua viatu, ameshapewa chai. Nikamnyang'anya mke wangu simu. Nikamwambia mama mkwe asihangaike na barafu ya watoto, mimi nina mashua ya tanga na ndani ya mashua mna friji.

Mashua ninayo. Friji pia ninayo, niliitoa kwenye lori bovu, inatumia betri. Ila viwili hivyo havijawahi kuonana. Friji iko chumba cha kushonea, mke wangu anahifadhia vitambaa.

Mama mkwe akasema haya, chanjo ipande friji. Miaka kumi na tisa ya ndoa, mara ya kwanza anakubali neno langu. Mke wangu akaniuliza kama friji yenyewe inafanya kazi. Nikamwambia friji ni friji.

Jumanne, 5 Agosti

Friji imeingia mashuani. Mlango wa kibanda ni mwembamba kuliko friji kwa vidole vinne. Nimeng'oa ngazi. Haikutosha. Nimeng'oa kitanda. Sasa mashua ina friji na haina pa kulala, lakini nani analala safarini?

Fundi umeme alikuja kuunganisha nyaya. Mtu wa maneno machache, bisibisi imekaa sikioni. Akauliza betri ziko ngapi. Moja. Akauliza hiyo moja inalisha nini kingine. Nikamwambia injini, taa na honi. Akaacha kazi, akanitazama. Akasema friji ni mlafi, niitafutie betri yake peke yake, la sivyo itakula mpaka ile ya kuwashia injini. Nikamwambia hii ni mashua ya tanga, injini ni pambo. Akauliza ikikataa kuwaka nitaivuta kwa kamba? Kamba ilikatika mwaka jana. Hilo sikumwambia.

Lakini lililoniudhi ni jingine. Nimefunga kipimajoto ndani, rafu ya katikati. Mimi ni msoma mita za maji. Mwaka wa ishirini na mbili huu. Sijawahi kukadiria hata nyumba moja. Wenzangu wanakaa kivulini na kubuni tarakimu. Mimi naruka ukuta, naumwa na mbwa, nasoma. Kwa hiyo nikawasha friji, nikaanza kusoma kila baada ya dakika kumi. Saa nne kamili, nyuzi 28. Saa nne na dakika kumi, 28. Na ishirini, 28. Fundi akasema funga mlango, nenda nyumbani, rudi jioni. Eti mlango wa friji hii uko mbele, si juu, na baridi ni nzito. Eti kila nikifungua inamwagika miguuni. Nikatazama miguu yangu. Sikuona kitu.

Hata hivyo nimeweka beseni chini ya mlango. Tahadhari tu.

Jumatano, 6 Agosti

Nyuzi tano! Saa moja asubuhi. Niliiacha imechomekwa kwenye umeme wa gati, kwa waya mrefu nilioupitisha chini ya mbao.

Nikamwita mwanyumba aje ajionee. Akaja na baiskeli yake, na pande la barafu limefungwa kwenye gunia. Zawadi, akasema. Niliweke rafu ya chini, umeme ukinigeuka litanisaidia. Nikakataa. Kuweka barafu ndani ya friji ni kuitukana friji. Akaingiza mkono, akautoa, akakiri ni baridi kweli. Nikamwonyesha rafu. Nikamwonyesha taa. Nikamwonyesha pale pa kuweka mayai. Akaniuliza kwa upole kama nina mpango wowote wa kufunga mlango. Yeye sanduku lake analifungua mteja akishatoa hela, na analifunga kabla mteja hajasema asante. Halafu akauliza ule waya unaelekea wapi.

Nikaukalia. Akaendelea kuniangalia nilivyokaa. Tukazungumza habari za hali ya hewa.

Alipoondoka nikachomoa waya ili nijaribu betri. Saa tatu asubuhi friji ilikuwa inanguruma vizuri. Saa nane mchana ilikuwa kimya. Honi kimya. Injini nikaibonyeza, ikasema tiki, basi. Ndani nyuzi 19, maji yanachuruzika. Na si kwamba nilizembea. Nilisoma mara thelathini na moja, sikukosa hata mara moja.

Beseni limepata maji kidogo. Nadhani ndiyo ile baridi.

Alhamisi, 7 Agosti

Dawa ya betri ni jua. Juu ya paa letu kuna paneli ya sola inayompa mke wangu mwanga wa kushonea. Ana sare za shule za kumaliza wiki ijayo. Nimeiazima. Sikumwambia kwa sababu alikuwa na mteja.

Nikaifunga juu ya kibanda. Betri ikaanza kupokea. Nikapandisha tanga niende mzunguko mfupi. Tanga likatupa kivuli juu ya paneli yote. Nikageuza mashua mpaka jua likaipata paneli. Safi kabisa, ila sasa mashua ilikuwa inarudi nyumbani. Nikageuza tena. Mashua inaelekea ng'ambo, friji inakata roho. Nimefanya hivyo mara sita, watu wa gatini wameleta viti. Kwa hiyo mashua hii ina uwezo wa kupoza na ina uwezo wa kufika. Kuviunganisha ni suala la ratiba tu.

Mchana nikapata wazo bora. Baridi isitoke! Nikachukua sponji za makochi yetu, zote tano, nikaivalisha friji kila upande, hata mgongoni kule kunakotoka joto. Baada ya saa moja, ndani nyuzi 31. Nje 29. Nilikuwa nimetengeneza jiko. Nikampigia fundi. Alicheka mpaka simu ikakatika, kisha akapiga yeye ili amalizie. Akasema friji inapumulia mgongoni na mimi nimeiziba pua.

Niliporudi jioni mke wangu alikuwa ameketi kwenye mbao tupu za kochi, mshumaa pembeni, sindano mkononi. Hakugomba. Alinipakulia chakula, akaniketisha na mimi kwenye mbao. Kisha akasema mama yake hana kingine. Hana shamba, hana pensheni, hana mtoto wa kiume wa kumtegemea. Ana kuku. Wakifa, nitakwenda kumwambia mwenyewe kwa mdomo wangu, na nikitoka huko nisirudi nyumbani.

Ninampenda mke wangu na ninamwogopa, na leo sikujua kipi kimetangulia. Nimemwambia atulie, kila kitu kiko kwenye mpango.

Paneli nitairudisha Jumapili.

Ijumaa, 8 Agosti

Kwa daktari wa mifugo, mimi na mke wangu. Chupa nne, zitatolewa kesho alfajiri. Zikae kati ya nyuzi mbili na nane. Zikishinda kwenye kumi na tano ni maji tu, kuku atapewa na kideri kitamchukua vilevile. Shehena nyingine ni baada ya wiki tatu, na kwa kideri wiki tatu ni nyingi mno. Akasema njiani nisifungue mlango. Akarudia, nisifungue. Nikamuuliza nitajuaje baridi ipo bila kuangalia. Akamtazama mke wangu. Mke wangu akatazama dirisha.

Akaeleza pia jinsi ya kuitoa. Kila kuku tone moja jichoni. Dawa ina rangi ya bluu, kuku aliyepata anabaki na doa karibu na jicho kutwa nzima, na anayetoa anabaki na vidole vya bluu. Niliacha kusikiliza. Hayo si ya idara yangu, mimi ni usafiri.

Mchana fundi akaniletea kipimajoto kingine. Kinaingia ndani kwa waya mwembamba, namba unazisoma nje, mlango umefungwa. Bure, akasema, kwa ajili ya kuku. Nikamrudishia. Mita husomwa pale ilipo. Kusomea nje ni kukadiria, na kukadiria kumewafukuzisha watu kazi. Alikipokea, akakaa nacho mkononi muda mrefu, akaondoka bila kuaga.

Jioni mke wangu alikwenda kumsalimia mdogo wake. Akakawia. Aliporudi alikuwa mchangamfu, uso umekunjuka, hata akaniuliza habari za betri. Nimefurahi. Mke ukimpa muda anaelewa.

Jumamosi, 9 Agosti

Naandika nikiwa kwa mama mkwe, kwenye kigoda, nyuma ya banda. Nianze mwanzo.

Betri ilijaa kwa waya wa gati. Mke wangu alikwenda mwenyewe kwa daktari alfajiri. Akarudi na boksi dogo lililozungushiwa gundi ya karatasi mara tatu. Alipitia kwa mdogo wake kwa sababu ni njiani. Si njiani, ila sikutaka kubishana siku ya kazi. Akasema friji nitaifungua nikitaka, lakini boksi nisilifungue. Kisha akapanda mashuani, akasema lazima mtu awe na mimi. Nililiinua boksi. Jepesi kabisa. Dawa za kisasa hazina uzito.

Saa moja kamili tukaondoka. Nyuzi nne.

Muda si muda mwanyumba akatupita na kiboti chake, sanduku la aiskrimu katikati, amelifunika blanketi na kulikalia. Akapunga mkono. Mke wangu akampungia mpaka akapotea machoni. Mimi nilimsikitikia. Siku kuku wa mama mkwe wako hatarini, mtu anakwenda kuuza aiskrimu. Wengine hawana utu.

Saa moja na dakika kumi, nyuzi tano. Na ishirini, sita. Nilitarajia mke wangu anizuie kufungua. Wala. Alikaa ameegemea friji anatafuna karanga, na kila dakika kumi aliposikia nakuja alisogeza miguu ili nipite. Sijawahi kuaminiwa hivyo na mtu yeyote. Hata nikaanza kusoma kila dakika tano.

Saa tatu upepo ukakata, katikati ya maji. Tanga likalala. Paneli ikapata jua lote sasa, lakini friji ilikuwa inakula haraka kuliko jua linavyopika. Saa tatu na nusu ikanyamaza. Nikabonyeza injini. Tiki.

Saa nne, nyuzi 11. Saa nne na nusu, 15. Saa tano, 19.

Hapo niliogopa kweli. Nilikaa sakafuni, pale kilipokuwa kitanda. Nilimwona mama mkwe akiokota kuku mmoja mmoja na kuwatia kwenye gunia. Nilimwona akipiga simu na hakuna wa kumpa jibu. Nilijua la kufanya. Nimwambie mke wangu chanjo imekufa, ampigie daktari simu, amlilie, atafute chupa nyingine kokote. Kinywa kilifunguka kabisa. Yeye, bila kugeuka, akaniuliza nyuzi ngapi.

Nikasema sita.

Kisha nikachukua daftari la vipimo nikaandika sita. Miaka ishirini na miwili, na mbwa wote wale.

Akauliza tena, kwa sauti ya chini, kama nina hakika. Nikasema mita haisemi uongo. Akakung'uta maganda ya karanga kwenye gauni lake.

Saa sita mwanyumba akaja kutuvuta kwa kamba. Vidole vyake vilikuwa vya bluu mpaka kwenye kiganja. Aiskrimu za siku hizi rangi tupu, sijui mamlaka zinafanya nini. Alimuuliza mke wangu kama tuko salama. Mke wangu akamuuliza, na huko ng'ambo je? Akasema wote, mpaka jogoo.

Tukafika. Kuku wako uani, wazima, kila mmoja na kidoa cha bluu karibu na jicho. Nikampongeza mama mkwe kwa kuwatia alama mapema, ili wakati wa chanjo tusiwachanganye. Mama mkwe akamtazama mke wangu. Kisha akaniuliza, baba, njiani ilikuwa nyuzi ngapi?

Mke wangu alikuwa amesimama nyuma yake. Mwanyumba mlangoni. Wote wananitazama mimi, kama wanangoja basi. Ilikuwa nafasi. Niliijua kuwa ni nafasi. Nikasema sita, mama. Njia nzima, sita.

Mama mkwe akalipokea boksi kwa mikono miwili, akasema asante sana baba, umefanya kazi kubwa. Akaliweka juu ya rafu kando ya jiko la mkaa. Nikaruka, nikamwambia hilo linataka baridi. Akasema liache tu hapo, halina haraka.

Mke wangu akatoka nje, mabega yanamtikisika. Nikamwambia mwanyumba huyu naye anacheka nini. Mwanyumba akanawa mikono kwanza, rangi haikutoka. Akasema hacheki.

Jumapili, 10 Agosti

Upepo mzuri. Narudi peke yangu. Mke wangu amebaki kwa mama yake. Alisema ni siku chache. Nikamuuliza ngapi, akasema nikadirie.

Uchovu wa safari.

Kabla sijaondoka niliwahesabu kuku. Mia mbili na arobaini, wote wanakula, hakuna aliyeinamisha shingo. Nimelifikiria hilo kwa makini na jibu ni moja. Ilikuwa sita. Kipimajoto ndicho kibovu, na mimi kwa uzoefu wangu nilihisi nyuzi sahihi na kuziandika. Vijana ofisini hawawezi.

Mama mkwe amenirudishia boksi niliweke nyumbani. Nimelifungua. Ndani mna rili nne za uzi mweupe, aina ileile anayotumia mke wangu. Zawadi kwa binti yake, bila shaka. Ila ameziweka kwenye boksi la dawa, watu wazima hawatupi kitu.

Kuna chanjo ya marudio mwezi ujao. Nimeshatangaza kwamba nitaipeleka mimi. Mwanyumba alikuwepo, akasema sawa, haraka haraka, bila ubishi wowote. Nimemshinda. Mpango ninao tayari. Friji ya pili, ndogo, ya kuipoza ile ya kwanza. Vipimajoto vitatu. Na kusoma kila baada ya dakika mbili, maana kosa langu nimeligundua, nilikuwa nafungua mara chache mno, nyuzi zikajifanyia zinavyotaka.

Paneli nitairudisha Jumapili ijayo. Makochi pia.

Betri bado imekufa. Friji haiwaki, na ndani hamna kitu ila uzi. Lakini siachi kusoma, kazi ni kazi. Saa nne kamili nimefungua mlango. Nyuzi 27.

Nimeandika tano.